Nimonia Haingoji Siku ya Soko



Katika toleo hili tungependa kuzungumza nanyi juu ya ugonjwa wa nimonia. Wengine wanauita homa ya mapafu, wengine kichomi, na mara nyingi tukitembea vijijini tunasikia tu watu wakisema, "Mtoto ana kifua." Neno hilo la mwisho ndilo linalotutia wasiwasi. Kifua kinaweza kuwa mafua ya kawaida ambayo yatapona yenyewe kwa wiki moja. Kinaweza pia kuwa nimonia itakayomwua mtoto kabla ya Jumapili. Tofauti ya hayo mawili inaonekana kwa macho, na mzazi yeyote anaweza kufundishwa kuiona, hata kama hakusoma.

Shirika la Afya Duniani lilihesabu kwamba katika mwaka wa 2019 nimonia iliua zaidi ya watoto 740,000 walio chini ya miaka 5. Maana yake, katika kila watoto 7 wa umri huo waliokufa ulimwenguni, mmoja hivi aliuawa na nimonia. Hapa kwetu Kenya imekuwa kwa miaka mingi kati ya magonjwa yanayoua watoto wadogo zaidi. Ajabu ni kwamba dawa yake haina gharama kubwa na iko karibu. Wengi wa watoto hawa hupotea kwa kuchelewa, na kuchelewa huko hutokea nyumbani, njiani, na wakati mwingine kwa sababu ya pesa ambazo ziko kijijini lakini haziwezi kutolewa upesi.

PAFU NI KAMA SEGA LA NYUKI

Wale walio katika vikundi vya kufuga nyuki wataelewa haraka. Pafu si mfuko mmoja mtupu. Ndani yake kuna vyumba vidogo vidogo sana, mamilioni, kama matundu ya sega. Hewa tunayovuta inaingia katika matundu hayo, na hapo ndipo damu inachukua oksijeni na kuipeleka mwilini kote. Vijidudu vya nimonia vikiingia, matundu hayo yanajaa maji na usaha. Sega lililojaa asali halina nafasi tena. Mtoto anavuta hewa kwa nguvu, lakini sehemu ya pafu iliyojaa haiwezi kuipokea.

Mwili unajaribu kulipa deni hilo kwa kupumua mara nyingi zaidi. Ndiyo sababu dalili ya kwanza ya kuaminika ni pumzi za haraka, hata kabla ya makohozi kubadilika. Ugonjwa ukizidi, pafu linakuwa gumu, halitanuki vizuri, na mtoto akivuta hewa sehemu ya chini ya kifua inaingia ndani badala ya kutoka nje. Mtoto mzima, akivuta pumzi, kifua na tumbo hupanda pamoja. Mkiona tumbo linapanda na mbavu za chini zinabonyea, hiyo si hali ya kungojea asubuhi.

Vijidudu vyenyewe ni vya aina nyingi. Vingine ni virusi, vingine bakteria, na nyumbani hamwezi kuvitofautisha. Baridi peke yake haizai nimonia, ingawa wengi wetu tumelelewa tukiamini hivyo. Lakini ni kweli kwamba katika miezi ya baridi, Juni mpaka Agosti kule milimani, kikohozi huongezeka. Watu hujifungia ndani, wote katika chumba kimoja, moshi ukiwa mwingi na madirisha yamefungwa, na mmoja akikohoa wote wanapata.

WIKI MOJA YA KUCHELEWA

Tuchukue mfano. Si wa mtu fulani, ila nyumba nyingi zitajiona humu.

Jumatatu mtoto wa miezi minane anaanza mafua na kikohozi. Ananyonya vizuri, anacheza. Jumanne usiku ana joto, kwa hivyo Jumatano asubuhi mama ananunua dawa ya maji ya kikohozi pale dukani na vidonge viwili vitatu vilivyofungwa kwa karatasi. Jumatano usiku mtoto anahema. Mama anamwambia baba. Baba anasema, "Tungoje Ijumaa, ni siku ya soko, gari zitakuwako na tutakuwa tumeuza kuku." Nyanya naye anasema hicho ni kimio kimerefuka, kuna mzee anayekata vizuri. Alhamisi mtoto ameacha kunyonya. Hapigi kelele tena, amelala tu, na watu wa nyumba wanashukuru kwamba sasa ametulia, dawa imeshika. Ijumaa saa tano wanafika dispensari. Muuguzi anamfungua leso, anamtazama mara moja, halafu anatafuta gari la kumpeleka hospitali kubwa.

Katika nyumba hiyo hakuna mtu asiyempenda mtoto. Baba alifikiria pesa, nyanya alifikiria yale aliyofundishwa, mama alikuwa akingoja ruhusa. Lakini angalieni ile Alhamisi. Mtoto hakutulia, alichoka. Kupumua pumzi 70 kwa dakika, mchana na usiku, ni kazi nzito kama kupanda mlima bila kupumzika. Akishaishiwa nguvu, analegea, ananyamaza, na asiyejua anaona kama amepata nafuu. Mtoto mwenye kikohozi anayelia kwa nguvu bado ana pumzi ya kulia. Yule aliyenyamaza na hataki titi ndiye wa kukimbiza.

KUHESABU PUMZI

Mnahitaji saa yenye mshale wa sekunde, au simu, na dakika moja kamili. Mtoto awe ametulia, halii na hanyonyi, na kama ana joto sana ashushwe joto kwanza halafu ahesabiwe, kwa sababu homa nayo inaongeza pumzi. Lakini kushusha joto kusiwe sababu ya kukaa nyumbani. Kama ana dalili ya hatari tutakazotaja hapa chini, nendeni bila kuhesabu.

Na kifua chake kiwe wazi. Tunasisitiza hapa kwa sababu mtoto mgonjwa katika vijiji vyetu hufungwa fulana, sweta mbili, kofia na shuka nzito juu. Huwezi kuhesabu pumzi juu ya sweta mbili, na huwezi kuona mbavu zikibonyea. Mfungue kwa hiyo dakika moja, haitamdhuru, kisha mfunike tena kiasi.

Kila kifua au tumbo likipanda, hiyo ni pumzi moja. Mtoto aliye chini ya miezi 2 akifika pumzi 60 au zaidi kwa dakika, anapumua haraka kupita kiasi. Wa miezi 2 mpaka 11, ni pumzi 50 au zaidi. Wa mwaka 1 mpaka miaka 5, ni 40 au zaidi.

Mama asiyezoea kuhesabu kwa haraka anaweza kutumia rozari, na hatuoni kuwa ni kuikosea heshima. Aruke zile punje za Baba Yetu, ahamishe kidole punje moja ya Salamu Maria kwa kila pumzi, na mwingine ashike saa. Kwa mtoto wa miezi minane, kama mafungu yote 5 ya punje kumi kumi yamekwisha kabla ya dakika moja kwisha, amefika 50. Kwa mtoto wa miaka miwili ni mafungu 4. Kwa mchanga wa chini ya miezi 2, mafungu 5 na kumi zaidi. Ambaye si Mkatoliki ahesabu maharagwe, moja moja kutoka bakuli hii hadi ile.

Pumzi zikiwa za haraka, au kifua cha chini kikiingia ndani, mpelekeni kituo cha afya siku hiyo hiyo. Lakini kama hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea na haamki vizuri, anaguna kila anapotoa pumzi, au midomo na ulimi vimekuwa rangi ya buluu au kijivu, hapo hata kama ni saa nane za usiku safari ianze. Mtoto wa chini ya miezi 2 tumweke peke yake: huyo akiacha kunyonya, akipumua haraka, akiwa na joto au akiwa baridi kuliko kawaida, hakuna kujaribu dawa yoyote nyumbani. Ni hospitali.

MADHARA YA NIMONIA ILIYOACHWA

Watu wengi wanajua kwamba nimonia inaua. Namna inavyoua, na yale inayoyaacha kwa aliyepona, hayajulikani sana, na hapo tungependa kukaa kidogo.

La kwanza ni ukosefu wa oksijeni. Mwili unaweza kukaa siku bila chakula, lakini ubongo hauwezi kukaa dakika nyingi bila oksijeni. Siku hizi vituo vingi vina kile kifaa kidogo kinachobana kidole na kuonyesha nambari. Mtu mzima wa afya huonyesha 95 au zaidi. Ikiwa chini ya 90 mgonjwa anahitaji oksijeni, na vidonge peke yake havitoshi. Tulipopata Covid-19 mwaka wa 2020 wengi wetu ndipo tulisikia habari ya oksijeni kwa mara ya kwanza, lakini watoto wenye nimonia walikuwa wakiihitaji miaka yote hiyo.

La pili linakwenda pamoja nalo. Mtoto hawezi kunyonya na kuhema kwa wakati mmoja, kwa hivyo anaacha kunyonya. Asiponyonya, maji yanapungua mwilini na sukari ya damu inashuka, na hiyo sukari ikishuka sana inaweza kuleta degedege na kupoteza fahamu. Watu wakaja kusema mtoto ameshikwa na jini, kumbe ni njaa ya siku mbili juu ya nimonia. Kama bado anaweza kumeza na kupumua si kwa shida sana, mama akamue maziwa na kumpa kidogo kidogo kwa kijiko au kikombe mkiwa njiani. Aliyelegea asipewe kitu kwa mdomo, kitaingia kwenye mapafu.

Kisha kuna maji na usaha kuzunguka pafu. Pafu limefunikwa na ngozi nyembamba, na kati ya ngozi hiyo na ukuta wa kifua kuna nafasi ndogo sana. Nimonia ikivuja humo, maji yanajaa, na yakigeuka usaha yanalifinya pafu kutoka nje. Dalili yake ni homa isiyokoma ingawa mgonjwa anatumia dawa, na maumivu ya upande mmoja kila anapovuta hewa. Hapo daktari atataka picha ya kifua, na huenda akatoboa tundu dogo ubavuni na kuweka mpira wa kutoa usaha. Wako wanaoogopa sana huo mpira, wakatoroka na mgonjwa wodini. Tunawasihi msifanye hivyo. Usaha usipotolewa unaganda, unalifunga pafu, na huenda baadaye ikahitajika upasuaji mkubwa. Wakati mwingine usaha hujikusanya ndani ya pafu lenyewe kama jipu, na hilo hutibiwa kwa wiki nyingi.

Baya zaidi ni vijidudu kuingia kwenye damu. Mikono na miguu inakuwa baridi hali mwili una joto, moyo unakimbia, mkojo unapungua, na figo na moyo vinaanza kushindwa. Bakteria mmoja anayeleta nimonia nyingi anaweza kupanda kwa njia ya damu mpaka kwenye utando wa ubongo, ikawa homa ya uti wa mgongo. Mtoto akipona hiyo anaweza kubaki kiziwi, au mzito wa kujifunza. Tukikutana na mtoto kama huyo shuleni mara nyingi hakuna anayekumbuka kwamba ilianza na kikohozi.

Halafu kuna alama zinazobaki. Nimonia kali, au inayorudi rudi, inaweza kuharibu njia za hewa zikapanuka na kulegea, makohozi yakawa yanatuama humo kama maji kwenye mtaro ulioziba. Mtu huyo hukohoa miaka na miaka na hupata nimonia nyingine kwa urahisi.

Baba Mtakatifu Fransisko, ambaye wengi wenu mlimwona alipokuja Nairobi mwezi wa Novemba 2015 na akafika hadi Kangemi, aliishi na mapafu yenye historia ya namna hiyo. Akiwa kijana kwao Argentina, mwaka wa 1957, aliugua mapafu vibaya mpaka madaktari wakamkata sehemu ya pafu la kulia. Tarehe 14 Februari 2025, akiwa na miaka 88, alilazwa katika hospitali ya Gemelli huko Roma, na nimonia ikaonekana katika mapafu yote mawili. Alikaa humo siku 38. Alirudi nyumbani, akafariki tarehe 21 Aprili, Jumatatu ya Pasaka. Cheti cha daktari kilisema kilichomwua ni kiharusi na moyo kushindwa, kwa hivyo si sawa kusema aliuawa na nimonia. Lakini cheti hicho kilitaja pia ile nimonia ya mapafu mawili, kupanuka kwa njia za hewa, shinikizo la damu na kisukari. Tunawatajia habari hii kwa sababu ya wazee wetu. Mzee akipona nimonia bado hajamaliza safari. Moyo wake umefanya kazi ya ziada wiki nzima, na katika wiki zinazofuata hatari ya moyo na kiharusi iko juu zaidi. Asirudishwe shambani wala kuachwa alale peke yake nyumba ya mbali.

Wazee wana jambo lingine pia. Nimonia kwao inaweza kuja bila homa na bila kikohozi kikubwa. Babu anaacha kula, anaanguka akienda choo, anaita watu kwa majina ya waliokufa. Jirani wanasema amerogwa, au uzee umemfika. Kabla ya kusema hivyo, mhesabuni pumzi. Mtu mzima aliyekaa ametulia kwa kawaida hapiti pumzi 20 kwa dakika.

WENYE HATARI ZAIDI

Watoto waliozaliwa kabla ya wakati au na uzito mdogo wako katika hatari kubwa, na wale wasionyonya. Mtoto mwenye utapiamlo mkali tunamtaja kwa uzito, kwa sababu mwili wake ni dhaifu hata hauna nguvu ya kutoa homa. Anaweza kuwa na nimonia akiwa hana joto kabisa. Surua hufungua mlango wa nimonia, na wengi wanaokufa kwa surua hasa huuawa na nimonia inayoifuata. Wenye virusi vya UKIMWI, wenye kisukari, wavutaji sigara, na wenye ugonjwa wa selimundu, ambao uko zaidi huku magharibi na kule pwani, hao wote wasingoje. Mwenye selimundu akipata maumivu ya kifua na homa, ni hospitali siku hiyo.

Mnywaji wa chang'aa tumtaje pia, ingawa hatapenda. Mtu akilewa sana hulala chali na kutapika, na matapishi huingia mapafuni. Nimonia ya namna hiyo ni mbaya na mara nyingi inaleta jipu la pafu.

Na mtu yeyote aliyekohoa kwa wiki 2 au zaidi apimwe kifua kikuu. Asiendelee kuambiwa ni nimonia, apewe dawa, arudi, apewe tena.

MAMBO YANAYOFANYWA NYUMBANI

Kukata kimio hakuponyi nimonia. Kimio si chanzo cha kikohozi. Mtoto aliyekatwa hutoka damu, kidonda kinaingia uchafu, hawezi kumeza, na nimonia yake iko pale pale ikiendelea. Tunajua wanaokata ni wazee wanaoheshimiwa, na hatusemi wana nia mbaya. Tunasema tu kwamba ile siku inayopotea ndiyo siku mtoto aliyokuwa nayo.

Kumtilia mtoto mafuta au samli puani "kufungua kifua" kunapeleka mafuta ndani ya pafu, na pafu halina njia ya kuyatoa. Vile vile kumziba mtoto pua na kummwagia uji ili ameze. Uji huo unaingia mahali pasipo pake.

Mafuta ya taa yasikae katika chupa ya soda. Mtoto akiyanywa, MSIMTAPISHE. Mafuta ya taa yanaharibu zaidi yakiingia mapafuni kuliko yakikaa tumboni, na wakati wa kutapika ndipo yanapoingia. Msimpe maziwa kwa nguvu pia. Mpelekeni hospitali, hata kama anaonekana mzima.

Kuhusu vidonge vya dukani, dawa nzuri ya nimonia ya mtoto ni amoksilini, na kituo kitampa kwa uzito na umri wake, kwa kawaida kwa siku 5. Vidonge vitatu vya kununua moja moja vinapunguza homa, vinawafanya wazazi wapumzike, na vijidudu vinabaki vimezoea dawa. Dawa imalizwe hata kama mtoto ameanza kucheza siku ya tatu. Na baada ya siku 2 arudishwe aonwe. Kama pumzi hazijapungua, dawa inahitaji kubadilishwa au kuna lingine. Chai ya limau kwa koo haina ubaya, lakini asali asipewe mtoto wa chini ya mwaka mmoja.

KUZUIA

Hapa tutapita upesi kwa sababu mengi mmeyasikia kliniki. Chanjo ya nimonia ilianza kutolewa Kenya mwaka wa 2011, mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Watafiti wa Kilifi walipofuatilia, waligundua kwamba maradhi makali yanayoletwa na aina za bakteria zilizomo katika chanjo hiyo yalipungua kwa asilimia 92 kwa watoto wa chini ya miaka 5. Mwenye shaka na chanjo afikirie hesabu hiyo. Lakini chanjo haizuii kila aina ya nimonia, kwa hivyo aliyechanjwa akihema naye apelekwe. Chanjo ya surua, ya miezi 9 na ya miezi 18, nayo inalinda mapafu. Ile ya miezi 18 inasahauliwa sana kwa sababu mtoto ameshatembea na mama hana tena desturi ya kwenda kliniki.

Mtoto anyonye bila kupewa kitu kingine kwa miezi 6. Mikono ioshwe. Na moshi upunguzwe: mtoto anayeishi katika moshi wa meko ana hatari ya nimonia karibu mara mbili. Mtoto mgongoni mwa mama anayepika anavuta moshi ule ule wa mama, na mapafu yake ni madogo. Kama hamna uwezo wa meko yenye bomba, fungueni dirisha upande wa juu, kausheni kuni vizuri, na mtoto aachwe na dada yake nje wakati wa kupika.

KIKUNDI KIFANYE NINI

Rudini kwa ile nyumba ya mfano wetu. Baba alikuwa anangoja kuuza kuku. Kikundi cha mama huyo labda kilikuwa na shilingi elfu kadhaa ndani ya kisanduku siku hiyo hiyo ya Jumatano, zikingoja mkutano wa wiki ijayo, waweka sahihi watatu, na kumbukumbu za mkutano. Tumeona sheria nzuri za kulinda pesa zikawa kizuizi.

Tunapendekeza kila kikundi kitenge mfuko mdogo wa ugonjwa wa ghafla, hata kama ni nauli ya boda boda ya kwenda na kurudi tu, ukae kwa mtu anayepatikana usiku. Aitoe bila mkutano, kwa neno la mama wa mtoto peke yake, bila kungoja mume wala mwenyekiti, na aandike baadaye. Itakuwa na walaghai? Mara moja moja, ndiyo. Kikundi kiamue kama kinaweza kubeba hasara ya nauli moja. Pesa zirudishwe pole pole bila riba. Wazee wa kikundi na akina mama wakwe wawe katika kikao cha kupitisha jambo hili, la sivyo mama kijana atapewa nauli na bado atazuiwa mlangoni.

Kabla ya mtoto yeyote kuugua, tumeni watu wawili waulize: dispensari yetu inafungwa saa ngapi, na Jumapili ikoje? Kituo gani cha karibu kina oksijeni inayofanya kazi, hata stima ikipotea? Dereva gani wa boda boda anakubali kuamshwa usiku, na nambari yake iko kwa nani? Mhudumu wa afya wa jamii wa kijiji chetu ni nani? Majibu yaandikwe kwa karatasi na kubandikwa ndani ya mlango wa kila nyumba ya mwanachama. Nyumba ambazo hazijajiandikisha SHA, iliyochukua mahali pa NHIF mwezi wa Oktoba 2024, zijiandikishe wakati watu ni wazima. Si kazi ya kufanya ukiwa na mtoto anayehema mapajani.

Kikundi kinachotaka kufundishwa kuhesabu pumzi kizungumze na katekista wake au ofisi ya parokia ili siku ipangwe pamoja na muuguzi. Njooni na saa au simu yenye kuhesabu sekunde, na akina mama wawili watatu waje na watoto wasio wagonjwa, wa umri tofauti. Tutaanza na hao wazima, ili macho yenu yazoee kwanza pumzi nzuri inavyokuwa.